Nyama ya ng'ombe ya kuoka na mchuzi wa rozimeri kwa watu 80: kilo ngapi, sehemu gani, oveni moja inatosha?

kijiko_kikubwa (Moshi)

Wakuu habarini. Jumapili ya wiki ijayo kuna kipaimara hapa nyumbani, wageni 80, chakula kimepangwa saa nane mchana baada ya ibada. Pilau, ndizi, kachumbari na mboga vina watu wake. Mimi nimekabidhiwa nyama ya ng'ombe ya kuoka, ile ya mapande makubwa ya oveni yanayokatwa vipande vyembamba na kumwagiwa mchuzi mzito wa kahawia wenye rozimeri na thaimu. Siyo rosti ya sufuriani. Kuku wa kukaanga pia watakuwepo, kwa hiyo nyama hii si kitoweo pekee.

Vifaa: jiko la gesi la sentimita 60 lenye oveni yake, trei mbili za kina, majiko mawili ya mkaa, sufuria la lita 20, friji moja ya kawaida, na naweza kuazima deli kubwa la barafu.

Ninachouliza: ninunue kilo ngapi na niombe sehemu gani pale bucha? Oveni moja itafaa? Mchuzi uwe lita ngapi, na unazitishwaje usitoke na mabonge wala ladha ya unga mbichi? Na je, nipake papai bichi ili ilainike? Hapa kila mtu ana jibu lake kuhusu papai.

JikoLaBafe

Karibu. Kabla ya kilo, amua jambo moja: unataka nyama inayoweza kusubiri. Ratiba inasema saa nane, lakini hapo kuna ibada, picha, utambulisho wa ndugu na mshereheshaji mwenye maneno. Sahani ya kwanza ikitoka saa tisa na nusu usishangae. Nyama inayolengwa ikatwe ikiwa bado ya pinki katikati haina subira, ikikaa kwenye chombo cha moto inaendelea kuiva na kukauka. Isitoshe, wageni wengi wa sherehe zetu wakiona wekundu wanarudisha sahani.

Kwa hiyo chukua sehemu yenye kano, uioke taratibu ikiwa imefunikwa, siku moja kabla. Ikate ikiwa baridi, kisha uipashe ndani ya mchuzi. Hiyo ndiyo njia ya kulisha watu 80 kwa oveni moja ya nyumbani bila kukimbizana.

Sehemu: bega, muuza bucha akuondolee mfupa. Chaguo la pili kidari. Zote mbili zina utando na kano zenye kolajeni, ambayo ikikaa muda mrefu kwenye joto la nyuzi 80 na kwenda juu hugeuka jelatini, na jelatini ndiyo inayokupa ule ulaini na mchuzi unaonata kidogo mdomoni. Sarara usiiguse kwa kazi hii. Ni ghali, haina kano, na saa tatu za oveni zitaifanya ikauke kabisa.

Kiasi: kwa kuwa kuna kuku, hesabu gramu 200 za nyama mbichi isiyo na mfupa kwa kila mtu, yaani kilo 16. Bega likiiva hadi kulainika hupoteza theluthi moja au zaidi ya uzito wake, utabaki na kama kilo 10. Hiyo ni gramu 125 kwa mgeni, vipande vitatu vya wastani. Kama ingekuwa ndiyo nyama pekee ningesema gramu 300, kilo 24.

Mwambie muuza bucha akupe mapande ya kilo 2 hadi 2.5, yenye unene unaolingana. Hili watu hulipuuza. Muda wa kuiva unaamuliwa na unene wa pande, hauamuliwi na jumla ya kilo. Pande moja la kilo 5 litakuchukua muda mrefu sana na nje itaharibika kabla ya ndani kulainika, na ukichanganya pande la kilo 1 na la kilo 3 kwenye trei moja, moja litakuwa nyuzinyuzi wakati jingine bado gumu. Mapande yakiwa hayana umbo, yafunge kwa uzi wa pamba kila baada ya vidole vitatu.

Nunua Alhamisi. Nyama ya ng'ombe wa kienyeji aliyechinjwa alfajiri bado imekakamaa mchana, na ukiipika siku hiyo utaitupia lawama oveni bure. Siku mbili tatu kwenye friji, nyuzi 0 hadi 4, zinasaidia sana. Siku hiyo hiyo ya Alhamisi ipake chumvi: vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa kwa kila kilo, pande zote, na pilipili manga ya kutwanga. Iweke rafu ya chini kabisa kwenye trei bila kufunika, au funika kwa kitambaa chepesi tu. Chumvi itavuta maji kwanza, kisha yatarudi ndani pamoja nayo, na uso utakauka. Uso mkavu ndio unaopata rangi. Uso wenye maji unabaki kwenye joto la maji yanayochemka, na rangi ya kahawia inahitaji karibu nyuzi 140 kwenda juu.

Jumamosi oka kwa awamu mbili, kilo 8 kila awamu, mapande mawili kwa kila trei, yasigusane. Chini tandika vitunguu maji vilivyokatwa nusu, karoti, na vichwa viwili vya kitunguu saumu vilivyokatwa katikati bila kumenywa. Usiweke rozimeri bado.

Washa oveni hadi nyuzi 230, acha ishike moto dakika 20 nzima. Ingiza nyama bila kufunika, dakika 25 hadi 30, ukibadilishana trei ya juu na ya chini katikati ya muda huo. Ikishapata rangi, toa, mimina vikombe viwili vya supu ya mifupa ya moto kwa kila trei, weka vijiti vitatu vya rozimeri vya urefu wa kidole na vijiti vitano sita vya thaimu juu ya nyama, funika kwa karatasi mbili za foili zilizobanwa vizuri pembeni, rudisha na ushushe hadi nyuzi 150. Saa tatu na nusu. Anza kuangalia baada ya saa tatu. Ng'ombe mzee anaweza kudai saa nne na nusu, na huna la kufanya ila kumpa muda wake.

Imeiva pale uma unapoingia na kuzungushwa bila ubishi. Ukiwa na kipimajoto, katikati isome 90 hadi 93. Ikiwa 75 na ni ngumu, usidhani umeipitisha. Hapo haijafika. Watu wengi huitoa hapo hapo wakisema imeshakauka, kumbe ilibaki saa moja ilainike.

Awamu ya kwanza iingie saa moja asubuhi, ya pili saa saba mchana. Saa kumi na mbili jioni umemaliza. Oveni ya gesi ya ukubwa huo hutumia kama robo kilo ya gesi kwa saa, kwa hiyo kazi yote pamoja na kupasha haifiki kilo 4, lakini usianze na mtungi ambao huujui una kiasi gani.

Papai bichi: hapana. Linafaa mishkaki. Kimeng'enya chake kinafanya kazi pale kinapogusa, hakipenyi pande la kilo mbili. Utapata ngozi ya nje iliyolegea kama uji na ndani palepale. Bega lililofunikwa saa tatu na nusu halihitaji msaada huo.

Mchuzi nawaachia wengine, nimeandika sana.

SufuriaLaShaba

Mchuzi basi. Lita 8. Kila mgeni mililita 75, hiyo ni lita 6, na lita 2 za kupashia nyama kwenye trei. Watu hupiga hesabu ya nyama vizuri halafu mchuzi unaishia meza ya tano.

Supu ya mifupa ipikwe Ijumaa. Kilo 6 za mifupa, mchanganyiko wa magoti na ile ya uboho, ikatwe pale pale bucha, na makongoro mawili yaliyosafishwa na kuchomwa manyoya. Makongoro usiyaache, jelatini yake ndiyo inayoupa mchuzi uzito usiotokana na unga. Mifupa (siyo makongoro) ioke nyuzi 220 kwa dakika 45 hadi iwe kahawia, ikigeuzwa mara moja. Kisha vyote kwenye sufuria la lita 20 na maji baridi lita 11. Ikianza kuchemka engua povu, shusha moto iwe inatoa mapovu machache tu pembeni, saa tano hadi sita. Vitunguu, karoti na shina la seleri viingie saa mbili za mwisho. USITIE CHUMVI. Wala vidonge vya supu. Supu hii itapungua, itakutana na maji ya trei ambayo tayari yana chumvi ya nyama, na chumvi yote itajikusanya. Mchuzi wa kuoka unaoharibika kwenye sherehe, mara nyingi umeharibika hapa.

Utapata kama lita 7. Chuja, poza haraka, weka baridi. Asubuhi mafuta yameganda juu, yakwangue uyahifadhi, utayatumia.

Jumamosi trei zikitoka, chuja maji yake kwenye chombo kirefu. Onja kwanza. Kama chini ya trei pameungua na maji yana uchungu, yamwage yote, uchungu wa kuungua hauondoki kwa sukari wala kwa chochote. Yakiwa mazuri utapata lita mbili tatu kwa awamu zote mbili. Engua mafuta.

Kuzitisha: kwa lita moja ya mchuzi, gramu 60 za unga wa ngano na gramu 60 za mafuta. Lita 8 ni kama gramu 480 za kila kimoja. Mafuta yawe nusu yale uliyoengua, nusu siagi. Yeyusha kwenye sufuria lenye kitako kizito, tia unga wote, koroga moto wa wastani dakika 8 hadi 10, mpaka rangi ya karanga zilizokaangwa na harufu ya biskuti. Ukiuacha mweupe, gramu 50 kwa lita zinatosha, kwa sababu unga unavyozidi kahawia ndivyo unavyopungua nguvu ya kuzitisha. Lakini mchuzi wa kahawia ndio unaoutaka. Katikati ya kukaanga tia vijiko vinne vikubwa vya nyanya ya kopo, ziive humo mpaka wekundu ugeuke kuwa matofali.

Mabonge hutokea unapomwaga supu nyingi kwa mara moja. Anza na upawa mmoja wa supu ya uvuguvugu, koroga kwa kipigio cha waya mpaka uwe ugali mlaini, upawa wa pili, wa tatu, kisha ndipo uongeze kwa wingi. Ukishamaliza lazima uchemke, na uendelee kuchemka taratibu dakika 15 hadi 20 ukikoroga chini. Ladha ya unga mbichi ni ya mchuzi uliotolewa mara tu ulipokuwa mzito. Yakitokea mabonge, chujio. Usipoteze muda kuyaponda.

Majani ya viungo. Hapa ndipo wengi wanapopotea kwa wema. Thaimu inavumilia, vijiti 15 viingie mwanzoni mwa zile dakika 20. Rozimeri haivumilii: vijiti sita kwa lita 8, viingie moto ukiwa umezimwa, funika, dakika 10 hadi 12, kisha VITOE. Ukiviacha vilale humo usiku kucha utaamka na mchuzi unaonuka dawa ya kuchua misuli. Ukitumia majani makavu, theluthi moja ya kiasi, na uyafunge kwenye kitambaa, maana rozimeri kavu ni vijisindano kwenye koo la mgeni.

Mapishi ya Ulaya hutia mvinyo mwekundu. Kwa sherehe ya watu mchanganyiko uache. Kazi yake kubwa ni uchachu, na kijiko kimoja cha chai cha siki kwa kila lita pamoja na ile nyanya vinakufikisha. Kijiko kikubwa cha haradali kwa lita 8 pia si vibaya. Siki iingie mwisho. Chumvi mwisho kabisa, baada ya kuonja pamoja na kipande cha nyama.

Bucha_na_Kisu

Nakubali bega, ila kuna siku hutalipata la kutosha, maana ng'ombe wa kienyeji ni mdogo na kilo 16 za bega bila mfupa zinaweza kutoka kwa ng'ombe zaidi ya mmoja. Weka oda Jumatatu au Jumanne, usifike Alhamisi ukitegemea bahati. Na sema wazi "mapande mazima, usikate". Mkono wa muuza bucha umezoea panga, ukigeuza macho tu nyama imeshakuwa ya pilau.

Wakikupa paja badala yake, njia inabadilika kabisa. Paja ni nyekundu, halina mafuta wala kano za kutosha. Ukilipika kwa njia ya bega hadi nyuzi 92, kile kilichomo kinatoka chote na hakuna jelatini ya kufidia. Utakata vipande vizuri vya kutazama vinavyotafunwa kwa dakika mbili. Paja: paka rangi kwa moto mkali kama alivyosema JikoLaBafe, kisha nyuzi 130 bila kufunika mpaka katikati isome 62. Toa, funika kwa foili ilegee, itapanda yenyewe nyuzi tatu nne. Pumzisha dakika 30. Hapo itakuwa na wekundu hafifu sana, karibu kijivu, wageni wengi wataikubali. Kwa pande la kilo 2 ni kama saa moja na nusu hadi mbili, lakini kwa paja usiende kwa saa, nunua kipimajoto cha kuchoma. Bila hicho paja ni kamari.

Omba pia vipande vya nundu vyenye mafuta, vilaze juu ya paja unene wa nusu sentimita na ufunge kwa uzi. Mafuta yatashuka taratibu juu ya nyama kavu. Paja likatwe jembamba, milimita 2 hadi 3. Bega unaweza kwenda milimita 8, jembamba zaidi linavunjika.

Na kwa nyama yoyote: kabla hujaioka, tazama nyuzi zake zinaelekea wapi, ukwaruze alama kwa kisu upande mmoja. Ikishaiva na kupata rangi huzioni vizuri. Kisu kipite kinyume na nyuzi. Nyama hiyo hiyo, mpishi huyo huyo, ikikatwa kufuata nyuzi inakuwa ngumu. Kwenye bega nyuzi hubadilika mwelekeo katikati, hivyo ligawe kwenye ule utando mkubwa kabla ya kukata vipande.

mwana_wa_kibokoni (Mombasa)

Ndugu yangu ana majiko mawili ya mkaa na hakuna aliyeyataja! Awamu ya pili si lazima ingoje oveni. Nyama hii hupalika vizuri tu kama pilau.

Chukua sufuria zito lenye kitako kinene na kifuniko cha bati kilicho bapa chenye ukingo. Nyama ipate rangi kwanza kwa mafuta, pande baada ya pande, dakika nne kila upande, usizijaze zote pamoja, zitatoa maji na kuchemka badala ya kukaangika. Tandika vitunguu na karoti nzima chini ili nyama isiguse kitako. Supu isizidi vidole viwili, ukijaza zaidi hiyo si ya kuoka tena, ni ya kuchemsha. Funika, uzibe ukingo kwa foili, kisha palia: theluthi moja ya makaa chini, theluthi mbili juu ya kifuniko. Ya chini yapange duara pembeni, katikati pabaki wazi, la sivyo pataungua pale pale kati na mchuzi wako wote ndio huo umekwenda.

Ongeza makaa mapya yaliyokwisha kushika moto kila dakika 40. Makaa mabichi yanayotoa moshi usiyaweke. Kila saa moja inua kifuniko kwa uangalifu, majivu yasimwagike ndani, utazame kama supu ingalipo. Kwa mapande ya kilo mbili ni saa tatu na nusu hadi nne. Sufuria moja kubwa hubeba kilo sita bila tabu.

Kwa hivyo oveni kilo 10 kwa zamu moja, makaa kilo 6, na umeokoa nusu siku.

kijiko_kikubwa (Moshi)

Shukrani sana wakuu, hii nimeinakili yote. Nitaomba bega na nitaweka oda mapema. Mbili zimebaki: nyama ikitoka Jumamosi jioni, naihifadhije mpaka Jumapili? Friji yangu ni moja na itakuwa na vitu vya wengine. Na kupasha Jumapili kunaendaje, saa ngapi?

Afya_na_Sufuria

Hapa ndipo pa kuwa makini kuliko popote kwenye uzi huu. Ugonjwa wa tumbo unaotokana na nyama na michuzi ya karamu mara nyingi huletwa na bakteria Clostridium perfringens. Mbegu zake hazifi kwa kuchemka. Chakula kikipoa polepole zinaamka na kuzaana kwa kasi, na sufuria la lita 8 la mchuzi lililoachwa mezani na kifuniko chake linakaa vuguvugu usiku mzima. Kunuka halinuki.

Kipimo cha kufuata: kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Ili ufike huko, nyama itoe kwenye maji yake, kata kila pande mara mbili, panga kwenye trei bila kurundika, acha mvuke utoke kama dakika 20 chini ya wavu, kisha kwenye mifuko safi ndani ya deli lenye barafu nyingi. Nyama kilo moja, barafu kilo moja, usibane. Maji ya barafu yatoe yakijaa, ongeza barafu nyingine. Usiingize kilo 8 za moto kwenye friji ya nyumbani. Itashindwa kuzipoza na itapasha maziwa na kuku wa watu walioweka humo. Zikishapoa ndipo ziende friji au zibaki kwenye deli usiku kucha.

Mchuzi ugawe kwenye sufuria ndogo za lita mbili, kina kisizidi vidole vinne, uziweke kwenye beseni la maji na barafu ukikoroga mara kwa mara. Nusu saa hivi inatosha. Na wale kuku wabichi wasikae juu ya nyama iliyoiva, hata kwa saa moja.

Jumapili lengo ni nyuzi 75 katikati ya trei, na baada ya hapo isishuke chini ya 63 mpaka inaliwa.

JikoLaBafe

Namalizia upande wa kupasha. Jumapili saa moja asubuhi kata nyama ikiwa baridi kabisa, hapo kisu kinapita safi na vipande havivunjiki; ikiwa ya moto bega litakuchambukia. Panga vipande vikiegemeana kwenye trei mbili, kina kisizidi vidole vitatu, kilo 5 kila trei. Saa tano na nusu chemsha mchuzi wote. Utakuwa umeganda kama jeli, ni dalili njema, usiongeze maji kabla haujayeyuka. Mimina lita moja ya moto juu ya kila trei, funika foili mbili, oveni nyuzi 160. Ingiza saa sita mchana. Dakika 45 hadi 50, badilishana trei katikati. Pima kipande cha katikati, siyo cha pembeni. Ikifika 75 shusha oveni hadi 80 na uiache humo humo ikiwa imefunikwa mpaka mshereheshaji aseme. Saa mbili inakaa vizuri.

Usitoe trei zote mbili kwa pamoja kwenda meza ya bafe. Moja itoke, ikibaki robo ndipo ya pili. Na aliye mezani ndiye agawe nyama, vipande vitatu, pamoja na nusu upawa wa mchuzi. Ukiwaachia wageni wajipakulie, watu 50 wa kwanza watakula ya wote.

SufuriaLaShaba

Na ya kuokoa, kama mchuzi utakusumbua Jumapili.

Ukizidi uzito kwenye chombo cha bafe, na utazidi tu, weka lita moja ya supu isiyo na chumvi ikichemka pembeni, ongeza upawa mmoja mmoja. Ukiwa mwepesi, usirushe unga mkavu ndani. Ponda gramu 50 za siagi laini na gramu 50 za unga ziwe kinyunga, tia vipande vidogo vidogo huku ukikoroga, uchemke dakika 10. Wanga wa mahindi wa pakiti unazitisha haraka zaidi, gramu 25 kwa lita, ukorogwe kwanza kwa maji baridi, lakini ukikaa kwenye moto saa mbili na watu wakiukoroga kila dakika unalegea tena. Kwa bafe ngano ni salama zaidi.

Ukizidi chumvi, kutumbukiza viazi hakusaidii; kiazi kinanyonya mchuzi pamoja na chumvi yake, kilichobaki kina chumvi ile ile. Dawa ni supu isiyo na chumvi na kuzitisha upya. Ndiyo maana nasema bakiza lita moja.

Mafuta yakielea juu, laza upawa juu ya uso wa mchuzi uyaengue, au pitisha karatasi ya jikoni juu yake mara mbili tatu. Ngozi ikianza kujitengeneza wakati wa kusubiri, tupia vijipande vya siagi juu, vitayeyuka na kuuziba uso. Majani mabichi ya thaimu yaliyochambuliwa, kiganja kimoja, yatupie dakika ya mwisho kabla ya kwenda mezani. Harufu yake ya mwanzo imeshapotea kwa kupashwa.

kijiko_kikubwa (Moshi)

Nimeelewa. Bega kilo 16 nimeshaagiza leo, mapande ya kilo mbili mbili, "usikate" nimesema mara tatu. Mkuu wa Mombasa, sufuria langu la lita 20 lina kifuniko cha kuba, makaa hayatakaa juu. Nifanyeje?

mwana_wa_kibokoni (Mombasa)

Ligeuze kifuniko, kuba liangalie chini, makaa yakae kwenye kibonde. Kishikio kitaingia ndani, hakikisha si cha plastiki, na nyama iwe chini yake kwa vidole viwili. Kama kishikio ni cha plastiki, funika kwa sinia la alumini lenye ukingo na uweke jiwe zito juu.